Estrojeni za mimea katika mbegu na ukomo wa hedhi

Estrojeni za mimea (pia: fitoestrojeni) ni kemikali zinazotengenezwa na mimea ambazo umbo lake linafanana na la estrojeni, homoni kuu ya kike. Hupatikana hasa katika mbegu zinazoliwa: jamii ya kunde, mbegu za mafuta na nafaka zisizokobolewa. Kutokana na mfanano huo, zimechunguzwa ili kujua kama zinaweza kupunguza usumbufu wa ukomo wa hedhi. Makala hii inaeleza suala hilo kwa kutumia mifano ya vyakula vya wilaya za Tarime na Serengeti, mkoa wa Mara, Tanzania.

Ukomo wa hedhi

Mwanamke huhesabiwa kuwa amefikia ukomo wa hedhi akikaa miezi 12 mfululizo bila hedhi, pasipo mimba wala sababu nyingine. Kwa kawaida hutokea kati ya umri wa miaka 45 na 55, ovari zinapopunguza kutoa estrojeni. Dalili zake ni pamoja na joto la ghafla linalopanda kifuani hadi usoni, jasho la usiku, kukosa usingizi na ukavu ukeni. Mifupa nayo hupoteza uimara kwa kasi zaidi.

Katika mkoa wa Mara, ambako malaria ipo, joto na jasho hilo huweza kudhaniwa kuwa homa. Joto la ukomo wa hedhi hupita baada ya dakika chache na kwa kawaida kipimajoto hakionyeshi homa. Hata hivyo, kipimo cha damu ndicho kinachothibitisha malaria, na si busara kumeza dawa bila kupima.

Aina na utendaji

Makundi mawili ni muhimu zaidi:
- Isoflavoni, zilizo nyingi katika soya. Kunde, maharage na mbaazi zina kiasi kidogo zaidi.
- Lignani, zilizo nyingi katika mbegu za kitani, zikifuatwa na ufuta. Zimo pia katika maganda ya nafaka.

Ndani ya mwili hujishika kwenye vipokezi vya estrojeni vya seli, lakini nguvu yake ni ndogo sana kuliko ya homoni yenyewe. Bakteria wa utumbo hugeuza lignani kuwa enterolaktoni, na baadhi ya isoflavoni kuwa ekuoli. Si kila mtu ana bakteria wa kutengeneza ekuoli, na antibiotiki huweza kupunguza bakteria hao. Ndiyo maana wanawake wawili wanaokula chakula kilekile hawapati matokeo sawa.

Athari ya kemikali hizi ilianza kuonekana kwa mifugo: katika miaka ya 1940, kondoo wa Australia Magharibi waliolishwa aina fulani ya klova walipata utasa.

Mbegu za Tarime na Serengeti

Ulezi na mtama ni nafaka za asili za Wakurya na majirani zao, na hutumika kwa ugali, uji na pombe. Punje za ulezi ni ndogo mno kukobolewa, hivyo husagwa nzima na lignani za maganda hubaki katika unga. Mahindi ni tofauti: unga wa dona hubaki na maganda, lakini sembe huyapoteza. Soya huingia zaidi katika unga wa uji wa lishe. Ufuta hulimwa zaidi mikoa ya kusini kama Lindi na Mtwara. Ukikaangwa na kutwangwa, lignani zake humeng'enywa vizuri kuliko ukiliwa mzima. Karanga, ingawa ni chakula bora, zina estrojeni za mimea kidogo tu.

Matokeo ya utafiti

Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2013 hayakupata ushahidi wa kutosha kwamba estrojeni za mimea hupunguza joto la ghafla. Mapitio mengine ya mwaka 2016, yaliyojumlisha tafiti 62, yalionyesha nafuu ndogo katika joto la ghafla na ukavu ukeni, lakini si katika jasho la usiku. Tafiti nyingi zilitumia soya au vidonge, si ugali wa ulezi. Kwa hiyo mbegu hizi ni chakula chenye faida, si dawa ya kutegemewa.

Tahadhari

- Soya ipikwe vizuri, kwa kuwa ikiwa mbichi huzuia umeng'enyaji wa protini.
- Mwanamke aliyewahi kuugua saratani ya matiti amwone daktari kabla ya kutumia vidonge vya isoflavoni.
- Mbegu hazitoshi kulinda mifupa. Maziwa, dagaa wanaoliwa na mifupa yao, na kazi za mwili husaidia.
- Kutokwa damu ukeni baada ya hedhi kukoma, hata matone machache, si hedhi iliyorudi. Huweza kuwa dalili ya saratani ya kizazi. Mwanamke aende hospitali mapema, asingoje kuona kama chakula kitamsaidia.