Kujitenga ili Kupumzika: Hali Ilivyo Tarime na Serengeti

Mapumziko ya kujitenga ni muda ambao mtu huacha kwa makusudi kazi, simu na shughuli za kila siku ili mwili na akili vipate nguvu upya. Si kila likizo huyafikia. Anayekaa nyumbani wiki nzima huku akijibu ujumbe wa ofisini hajapumzika, hata kama hakushika jembe wala kalamu.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu uliokithiri wa kazi kuwa hali inayotokana na msongo wa kazini usiodhibitiwa. Dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi na kushuka kwa ufanisi. Mwaka 2021 shirika hilo na Shirika la Kazi Duniani yalitangaza kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki huongeza hatari ya kiharusi kwa asilimia 35, ikilinganishwa na saa 35 hadi 40. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, pamoja na likizo ya siku 28 kwa mwaka.

Watafiti Sabine Sonnentag na Charlotte Fritz, katika kazi yao ya mwaka 2007, walitaja mambo manne yanayomrudishia mtu nguvu: kuiondoa kazi mawazoni, kutulia, kujifunza jambo jipya na kuwa na uamuzi juu ya muda wake. La kwanza ndilo gumu kuliko yote, na ndilo linalobeba mengine. Tafiti za likizo zimeonyesha pia kwamba nafuu yake hufifia ndani ya wiki chache baada ya kurudi kazini, hivyo mapumziko mafupi yanayorudiwa yana faida zaidi kuliko safari moja ndefu inayosubiriwa miaka mitatu.

Kwa wenyeji wengi wa Tarime na Serengeti wanaofanya kazi mijini, likizo ni kurudi kijijini. Mtu akishashuka kwenye basi husubiriwa na kikao cha ukoo, mazungumzo ya mahari, msiba uliompita, mgogoro wa mpaka wa shamba na ada za shule za wadogo zake. Huo ni wajibu, na anayeukwepa hujivunjia heshima. Lakini si mapumziko, na wengi hurudi kazini wamechoka zaidi kuliko walivyoondoka. Linalowezekana ni kuigawa likizo: siku za ukoo zitangulie, kisha, baada ya kuwaaga wazee vizuri, zifuate siku tatu au nne mahali ambapo hakuna anayemhitaji.

Mahali hapo hapako mbali. Kutoka Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, njia huelekea lango la Ikoma na kijiji cha Robanda, ukingoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Mtanzania hulipa kiingilio kwa shilingi, na ni kidogo sana kuliko cha mgeni wa nje. Kati ya Julai na Oktoba nyumbu huvuka Mto Mara upande wa Kogatende, nao watalii hujaa. Anayetafuta utulivu afadhali aende Januari au Februari, makundi yakiwa kusini. Aprili udongo mweusi hunasa magari. Hairuhusiwi kutembea kwa miguu hifadhini bila askari, na baadhi ya maeneo hayana mtandao wa simu, jambo ambalo kwa shabaha hii ni faida.

Asiyemudu gharama hizo anaweza kukaa kwa ndugu kwenye vilima vya Tarime, kwenye baridi, migomba na kahawa, na kutembea asubuhi. Kando ya Mto Mara asiende peke yake: kuna mamba na viboko.

Dini zimeutunza utaratibu huu wa kujitenga kwa muda mrefu. Wakatoliki wana mafungo, Waislamu wana itikafu ya kumi la mwisho la Ramadhani, na Wasabato huacha kazi tangu jua linapotua Ijumaa hadi linapotua Jumamosi. Nguvu ya desturi hizi ni kwamba jamii nzima inazifahamu, kwa hiyo aliyejitenga hasumbuliwi.

Mkulima na mfugaji hawana likizo ya kisheria. Ng'ombe hukamuliwa kila siku, na mama akiondoka lazima awepo wa kuteka maji na kupika. Kwao mapumziko ni suala la kupokezana, na wakati mwafaka ni baada ya mavuno. Familia inayompa mama siku mbili za namna hiyo inalinda afya yake.

Kujitenga hakutibu kila kitu. Mwenye huzuni, kukosa usingizi na kujiona hafai kwa zaidi ya wiki mbili huenda ana sonona. Huyo aende hospitali, kwani sonona inatibika.