Ofisi ndogo nyuma ya bandari kubwa: gharama ya kuhama Windows ya zamani

Tarehe 22 Oktoba 2023, katika Ikulu ya Chamwino, Dodoma, Tanzania ilitiliana saini na kampuni ya DP World ya Dubai mikataba ya kuendesha sehemu ya bandari ya Dar es Salaam kwa miaka 30. Siku 19 baadaye, Ijumaa tarehe 10 Novemba, tawi la kampuni hiyo nchini Australia liligundua kwamba wadukuzi wameingia kwenye mtandao wake. Likakata intaneti ili kuwazuia. Hapo hapo malori yakakosa kuingia wala kutoka katika vituo vyake vya makontena vya Sydney, Melbourne, Brisbane na Fremantle. Meli ziliendelea kushusha mzigo, ila mzigo haukuvuka geti. Hadi kazi iliporejea Jumatatu tarehe 13, makontena yapatayo 30,000 yalikuwa yamekwama, kwani DP World hupitisha karibu asilimia 40 ya makontena ya nchi hiyo.

Watafiti wa usalama waliofuatilia kisa hicho walinyooshea kidole tundu katika programu ya Citrix, ile inayowawezesha wafanyakazi kuingia kwenye mtandao wa kampuni wakiwa nje. Kiraka cha kuziba tundu hilo kilikuwa kimetolewa tarehe 10 Oktoba, mwezi mmoja kamili kabla ya mkasa.

Magazeti yaliandika habari hiyo kama habari ya kampuni kubwa. Mimi nawatazama waliosimama nje ya geti. Kituo cha DP World cha Sydney kipo Port Botany, kwenye ukingo wa Ghuba ya Botany, jirani na uwanja wa ndege wa jiji. Kuna vituo viwili vingine hapo, cha Patrick na cha Hutchison, na kwa pamoja bandari hupitisha zaidi ya TEU (kipimo cha kontena la futi 20) milioni 2.5 kwa mwaka. Kandokando yake, katika vitongoji vya Botany, Banksmeadow, Matraville na Mascot, zipo biashara zinazoishi kwa bandari hiyo: mawakala wa forodha, wenye malori, wenye maghala, yadi za makontena matupu, mizani, mafundi wa matrela. Kampuni ndogo ya malori haina idara ya kompyuta. Ina meza ya ofisini, kompyuta mbili au tatu, printa, na mtu mmoja anayejua kila kitu kilipo.

Kompyuta hiyo ndiyo geti la kwanza. Port Botany lori haliji likapanga foleni tu. Mwenye lori hukata nafasi ya saa maalumu kupitia mfumo wa 1-Stop, na tangu kanuni za mwanzoni mwa miaka ya 2010 zilipoanza kutumika, anayechelewa nafasi yake hulipa faini kwa kituo, na kituo kinachomchelewesha mwenye lori nacho humlipa yeye. Forodha inashughulikiwa kwenye mfumo wa serikali wa ICS. Mishahara, tangu tarehe 1 Julai 2019 hata kwa waajiri wadogo, huripotiwa mamlaka ya kodi kwa kompyuta kila siku ya malipo. Kompyuta ikilala saa mbili asubuhi, madereva wanabaki na malori yenye mafuta na hakuna pa kuyapeleka.

Kwa nini basi watu wa namna hii, wasiokubali lori lao lipitishe tarehe ya sevisi, wanabaki na mfumo endeshi wa miaka kumi iliyopita? Wengi husema ni ubahili. Sikubaliani nao. Aliyewahi kuhamisha ofisi ya aina hii anajua kwamba Windows yenyewe ndiyo sehemu rahisi. Kazi iko kwenye vitu vilivyojishikiza kwake. Ipo programu ya ankara ambayo aliyeiunda amekwisha kufunga kampuni. Ipo printa inayogonga karatasi za nakala tatu, ambayo mtengenezaji wake hakutoa tena programu ya kuiendesha. Ipo mizani, na mizani imekuwa kitu kikubwa tangu tarehe 1 Julai 2016, pale kanuni za kimataifa za usalama baharini zilipodai kila kontena lithibitishwe uzito kabla ya kupakiwa melini. Mizani ya zamani huzungumza na kompyuta kwa waya wa pini tisa, na kompyuta mpya za dukani hazina tundu la waya huo. Kuna pia programu za miaka ya 1990 ambazo Windows 11 haizifungui kabisa, kwa kuwa imetengenezwa kwa biti 64 pekee.

Kwa hiyo mwenye ofisi huahirisha. Kompyuta inawaka, ankara zinatoka, mwaka unapita. Kuahirisha huko mara nyingi hakukomeshwi na mdukuzi. Kinachokukomesha ni kivinjari. Microsoft ilisitisha huduma kwa Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na ofisi nyingi duniani hazikuhisi lolote. Februari 2023 Chrome nayo ikaacha kuihudumia Windows 7. Tangu hapo kila tovuti ya bandari, benki au forodha inapoboresha ulinzi wake, mtumiaji wa kivinjari kilichokwama hukaribia siku ambayo ukurasa wa kukatia nafasi hautafunguka, naye ana kontena linalohesabiwa tozo za kuhifadhi.

Sasa zamu ni ya Windows 10. Ilitoka tarehe 29 Julai 2015, na tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitolea viraka vya bure. Safari hii kuna ugumu ambao haukuwapo zamani: Windows 11 haikubali kila mashine. Inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, kumbukumbu ya gigabaiti 4, diski ya gigabaiti 64, na prosesa iliyo kwenye orodha ya Microsoft, ambayo kwa upande wa Intel huanzia, kwa sehemu kubwa, kizazi cha nane. Mashine yenye i5-8500 imo. Yenye i5-7500, ambayo kwa kazi ya ankara haina tofauti ya kuonekana kwa macho, haimo. Naliona hilo kuwa uamuzi mzito kwa biashara ndogo, maana linageuza gharama ya programu kuwa gharama ya mashine nzima, na linafanya kompyuta nzima kabisa zionekane takataka.

Asiyeweza kuhama anaweza kununua muda. Kwa biashara, Microsoft inauza viraka vya nyongeza kwa dola 61 za Marekani kwa kila mashine mwaka wa kwanza, kisha bei inaongezeka maradufu kila mwaka: 122, halafu 244. Miaka mitatu ni dola 427 kwa mashine moja, na anayejiunga mwaka wa pili hutakiwa kulipia na wa kwanza. Ofisi yenye kompyuta nne italipa dola 1,708, na mwishoni itakuwa na kompyuta zile zile, zikiwa zimezeeka zaidi. Kwa fedha za mashine moja mtu anapata kompyuta mpya ya kawaida ya ofisini. Nunua mwaka mmoja kama kuna programu moja inayokuzuia na unajua tarehe ya kuimaliza. Miaka mitatu ni hasara.

Gharama ya kukaa bila viraka inajulikana pia. Shirika la ujasusi wa mawasiliano la Australia, ASD, liliandika kwamba katika mwaka wa 2023–24 biashara ndogo iliyoripoti uhalifu wa mtandaoni ilipoteza kwa wastani dola 49,600 za Australia kwa kila tukio. Shirika hilo hilo lina orodha ya hatua nane za msingi za kujikinga, na kuuwekea viraka mfumo endeshi ni mojawapo. Nyingine ni kuweka nakala rudufu. Sheria nayo imekaza: tangu tarehe 30 Mei 2025, biashara yenye mauzo ya zaidi ya dola milioni 3 za Australia kwa mwaka ikiwalipa watekaji wa mafaili, lazima iiarifu serikali ndani ya saa 72. Kampuni ya malori kadhaa hufika kiwango hicho upesi.

Hata hivyo, kuna watu makini wanaoogopa kusasisha, na wana sababu. Tarehe 12 Oktoba 2005 forodha ya Australia ilihamishia mizigo yote inayoingia nchini kwenye mfumo mpya wa ICS kwa siku moja, msimu wa shehena za Krismasi ukiwa mlangoni. Matamko ya mizigo yakakwama, makontena yakarundikana bandarini Sydney na Melbourne. Na tarehe 19 Julai 2024 sasisho lenye kasoro la kampuni ya usalama ya CrowdStrike lilizima kompyuta za Windows milioni 8.5 duniani. Visa hivyo havimtetei anayebaki na Windows 7. Vinafundisha saa na namna ya kuhama: usihame msimu wa mzigo mwingi, usihamishe mashine zote siku moja, na usihame bila njia ya kurudi.

Kazi yenyewe huanza kwa karatasi. Andika kila kompyuta na prosesa yake, kila programu na nani aliitengeneza, kila kifaa kilichochomekwa na kinafanya nini. Orodha hiyo huchukua jioni moja katika ofisi ndogo, na ndiyo itakayokuonyesha kwamba mashine ya pembeni isiyoguswa na mtu ndiyo yenye hesabu za miaka sita. Kisha nakala rudufu, mbili, moja ikiwa kwenye diski inayochomolewa na kufungiwa mbali na mtandao.

Hapo kwenye kuchomoa nasisitiza. Juni 2017 kirusi cha NotPetya kilifuta mtandao wa kampuni ya meli ya Maersk duniani kote. Kampuni ilikuwa na seva nyingi za kutunza utambulisho wa watumiaji, zote zikinakiliana, hivyo zote zikafutika pamoja. Iliyosalia ni moja, katika ofisi yao ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na seva hiyo ilikuwa nje ya mtandao. Kwa seva hiyo moja wakaweza kujenga upya, pamoja na kuweka programu upya kwenye kompyuta 45,000 kwa muda wa siku kumi. Hasara ilifika kati ya dola milioni 250 na 300. Ofisi ndogo haiwezi kutegemea bahati ya umeme kukatika. Diski ya kuchomoa ni rahisi, na kazi yake ni ile ile.

Baada ya nakala, hamisha mashine moja, isiyo ya mhasibu, na iache ifanye kazi za kweli wiki mbili. Jaribu kila kitu: kukata nafasi, kutuma tamko la forodha, kuchapa, kupima. Programu isiyokubali kuhama inaweza kuwekwa ndani ya mashine pepe, yaani Windows ya zamani inayoendeshwa ndani ya mpya bila kuguswa na intaneti. Kompyuta ya mizani inaweza kubaki ilivyo, ikiwa imetengwa kabisa na mtandao na namba zake zikihamishwa kwa mkono. Na jambo moja ambalo mafundi wengi hulisahau: Windows 11 inapowekwa kwa akaunti ya Microsoft, inaweza kufunga diski kwa usimbaji, na ufunguo hubaki kwenye akaunti iliyotumika siku hiyo. Ikiwa ni akaunti ya binafsi ya mfanyakazi ambaye kesho ataacha kazi, ofisi inaweza kujikuta nje ya mafaili yake yenyewe. Tumia akaunti ya kampuni, chapa ufunguo, uweke kwenye kabati la leseni.

Yote haya yanatuhusu moja kwa moja. DP World ilianza kazi Dar es Salaam mwaka 2024. Mombasa ilivuka TEU milioni 2 mwaka huo huo. Wakala wa Dar anayetegemea mifumo ya mamlaka ya mapato ya Tanzania, TRA, na mwenzake wa Mombasa anayetegemea mfumo wa forodha wa iCMS wa mamlaka ya Kenya, KRA, wamefungwa na kamba ile ile ya yule wa Banksmeadow. Tofauti ni kwamba sisi tuna mizigo miwili zaidi. Wa kwanza ni bando. Ofisi nyingi huzima masasisho kwa makusudi kwa sababu yanakula data, kisha husahau kuyawasha. Wengine wanatumia Windows iliyokrakiwa, ambayo fundi huizimia masasisho tangu siku ya kwanza. Kirusi cha WannaCry cha tarehe 12 Mei 2017 kilipita kwenye mashine za namna hiyo hasa: kiraka kilikuwa kimetoka tangu tarehe 14 Machi, na wengi walioumia walikuwa na Windows 7 ambayo haikuwekewa.

Mzigo wa pili ni kompyuta za mtumba. Maofisi ya nje yanapoondoa mashine zisizokubali Windows 11, sehemu ya mashine hizo itafika kwenye maduka yetu zikiwa zimeng'arishwa, na muuzaji atasema ni nzima. Ni nzima kweli. Ila anayeinunua kwa ajili ya kazi ya forodha ananunua tatizo lililokwisha kuwekewa tarehe. Isome namba ya prosesa kabla ya kutoa pesa, na uombe kuona Windows 11 ikifunguka kwa njia halali, kwa sababu mafundi wanajua kuilazimisha kwenye mashine isiyokubalika, na Microsoft haitoi ahadi ya masasisho kwa mashine hizo. Kwa mwenye mashine nzima isiyofaa, na ambaye kazi yake yote ipo kwenye kivinjari, Linux ni jibu la heshima: haina ada, inapata viraka, na LibreOffice inafungua nyaraka zake nyingi. Ajaribu kwanza kama tovuti ya forodha na cheti chake cha kuingilia vinakubali.

Vyama vya mawakala wa forodha na vya wenye malori, vya Tanzania na vya Kenya, vingewasaidia wanachama wao kwa kuajiri fundi mmoja wa pamoja wa kupita ofisi hadi ofisi na orodha ile ya karatasi, na kwa kununua leseni kwa wingi. Mwenye ofisi asisubiri hilo. Aanze na orodha wiki hii, baada ya kufunga hesabu za mwezi. Mpango wa viraka vya nyongeza vya Windows 10 kwa watumiaji wa nyumbani unakoma tarehe 13 Oktoba 2026, na ule wa biashara Oktoba 2028. Hauna mwaka wa nne.