Soketi Ikiungua, Rektifaya Isihukumiwe Kwanza

Pikipiki nyingi zinazobeba magunia ya alizeti kutoka mashamba ya Iramba, Mkalama na Ikungi zilianza kazi zamani, zikapita mikononi mwa wamiliki kadhaa kabla ya kufika kijijini. Katika umri huo kuna ugonjwa unaojirudia: betri haijai, taa inafifia injini ikiwa taratibu, na asubuhi stata haina nguvu. Fundi akifungua kava ya pembeni anakuta soketi inayounganisha nyaya za magineti na rektifaya imekuwa ya kahawia, plastiki imeyeyuka na pini moja ni nyeusi. Hapo mara nyingi rektifaya hubadilishwa, ama soketi hukatwa, nyaya zikasokotwa na kuviringishiwa teipu. Nashikilia kuwa njia zote mbili huacha ugonjwa palepale. Kitu cha kwanza kubadilishwa ni soketi yenyewe, dume na jike, pamoja na kipande cha waya kilichoungua nayo.

Sababu iko kwenye hesabu ndogo ya umeme. Mkondo unapopita penye ukinzani huzaa joto, na joto hilo hukua kwa mraba wa mkondo: mkondo ukiwa mara 2, joto huwa mara 4. Chukua pini safi, iliyobana vizuri, yenye ukinzani wa omu 0.01. Ampea 5 zikipita hapo zinazaa robo ya wati, joto ambalo hewa inalichukua bila mtu kulihisi. Pini hiyo ikilegea au ikishika kutu hadi ukinzani ufike omu 0.2, mkondo uleule unazaa wati 5 ndani ya kipande cha chuma kisichozidi punje ya mahindi. Plastiki inalainika, ulimi wa pini jike unaopaswa kubana unapoteza mkazo, mguso unapungua, ukinzani unapanda tena na joto linazidi. Soketi iliyokwisha kuanza safari hiyo haiponi kwa kusafishwa kwa msasa. Tena volti 1 inapotea njiani: ikiwa pini mbovu iko upande unaokwenda betri, volti 14 zilizotoka kwenye rektifaya zinafika 13, nazo hazitoshi kuijaza betri ya volti 12. Mwenye chombo anaona betri mbovu, ananunua nyingine, na baada ya muda inakuwa kama ya kwanza.

Wengine hudhani fyuzi ingekatika kama kungekuwa na hatari. Fyuzi hukatika mkondo unapozidi kiwango chake, lakini pini iliyolegea haiongezi mkondo, inauzuia. Kwa hiyo soketi inaweza kuungua hadi ikatoa moshi huku fyuzi ikiwa nzima kabisa. Kuzima taa nako hakuiokoi. Rektifaya nyingi za pikipiki za zamani hudhibiti umeme uliozidi kwa kuurudisha kwenye koili za magineti, hivyo nyaya za upande huo hubeba mkondo mkubwa hata kama taa na redio vimezimwa. Taa za ziada, honi kubwa na chaja za simu zinazofungwa na madereva wa bodaboda huongeza mzigo upande wa pili, kwenye soketi za betri na za swichi ya ufunguo, ambazo nazo zinastahili kukaguliwa.

Mazingira ya Singida yanaharakisha uchakavu huu. Barabara za changarawe hutikisa soketi mchana kutwa. Pini husuguana kidogo kidogo hadi utando wa bati uliozifunika unaisha na shaba iliyo chini yake inaanza kushika kutu. Kiangazi ni kirefu, upepo una vumbi, na mvua zikianza mwishoni mwa mwaka vumbi lile linakuwa tope linaloshika unyevu ndani ya soketi. Maji ya ziwa Singidani yana chumvi, kwa hiyo hayafai kabisa kuoshea pikipiki.

Utetezi wa teipu unajulikana: haina gharama, na pikipiki inaondoka gereji ikiwaka. Ni kweli inawaka. Lakini nyaya zilizosokotwa hushikana kwa sehemu chache tu, zinalegea kwa mtikisiko, gundi ya teipu inayeyuka kwa joto, na kiungo kilicho wazi kikigusa fremu kinaleta shoti. Hoja ya kulehemu moja kwa moja ni nzito zaidi, na fundi mwenye mkono mzuri anaweza kufanya kiungo bora kuliko soketi mbovu. Tatizo ni kwamba waya huwa mgumu pale risasi ilipoishia, na mtikisiko huukata mahali hapo. Isitoshe, risasi ya kawaida ya bati na madini ya risasi huanza kulainika kwenye nyuzi 183 za Selsiasi, na siku magineti inapotakiwa kupimwa peke yake itabidi waya ukatwe tena.

Kazi iliyo sahihi huanza kwa kutoa waya hasi wa betri. Waya ukatwe hadi shaba ing'ae, kwa kuwa shaba iliyopikwa huwa nyeusi ndani ya mpira hata sentimeta kadhaa nyuma ya soketi, na risasi au pini haishiki vizuri juu yake. Waya ukiwa mfupi, uongezewe mwingine wa unene uleule au zaidi. Pini mpya zibanwe kwa koleo la kubania pini, mabawa ya mbele yakishika shaba na ya nyuma yakishika mpira. Kubana kwa plaizi au nyundo ni kurudisha ukinzani uliokwisha kuondolewa. Upande mmoja ukiachwa wa zamani, pini mpya inaingia kwenye jike lililolegea na joto linaanza upya. Soketi ya aina ileile ikikosekana dukani, yoyote yenye idadi ileile ya pini, na pini kubwa zaidi, inafaa.

Dereva wa mkataba anayetakiwa kupeleka hesabu kwa tajiri ana sababu ya kuogopa nusu siku gereji. Hata hivyo soketi ni miongoni mwa vipuri vya bei ndogo zaidi kwenye pikipiki, na anayelipia betri na rektifaya zisizo na kosa ni yeye yule. Taa inayokatika usiku kwenye mteremko wa Sekenke, nyuma na mbele kukiwa na malori, ni hasara ya aina nyingine kabisa. Kazi ikiisha, injini ipewe mafuta ya wastani na mita iwekwe kwenye betri: volti kati ya 13.5 na 14.5 zinaonyesha chaji inafika. Kisha mita iwekwe mwanzo na mwisho wa kiungo kipya. Usomaji uwe karibu na sifuri. Kiungo kikiwa safi na betri bado haipati chaji, hapo ndipo rektifaya na koili za magineti zina kesi ya kujibu.