Mwalimu Naye Apumue

Huko Bugeshi, wilayani Rubavu, upande wa Rwanda unaopakana na Kongo, udongo ni wa volkano na viazi hustawi sana. Asubuhi huwa na baridi kali, na mwalimu wa shule ya msingi huamka kungali giza. Katika shule nyingi za nchi hiyo, tangu mwaka 2009, watoto wa madarasa ya chini wamefundishwa kwa zamu mbili, mwalimu yule yule akipokea kundi la asubuhi na la alasiri. Mwaka 2022 Serikali ilimwongezea mwalimu wa msingi mshahara kwa asilimia 88. Mfuko ulipata nafuu, kichwa je?

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliutaja uchovu wa aina hii kuwa hali itokanayo na kazi: mtu huishiwa nguvu, huichukia kazi yake, tena hujiona hafai kitu. Askari aliyekesha lindoni siku nyingi ataelewa. Yeye hukemea nyumbani. Mwalimu humkemea mtoto wako.

Mtaalamu Jon Kabat-Zinn alianza mwaka 1979, huko Massachusetts, Marekani, mafunzo ya majuma 8 ya kuikusanya akili mahali mtu alipo. Waingereza nao walijaribu kuwafundisha wanafunzi shuleni. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2022 yalichekesha kidogo: watoto hawakufaidika, bali uchovu wa walimu wao ndio uliopungua, ingawa si kwa muda mrefu.

Zoezi lenyewe halihitaji fedha. Kabla ya kuingia darasani, mwalimu asimame mlangoni, asikie nyayo zake zikikanyaga ardhi, kisha afuate pumzi iingiapo na itokapo, mara kumi. Akili itakimbilia deni la dukani au mtoto mgonjwa. Airudishe taratibu, bila kujilaumu. Huko kuirudisha ndiko zoezi. Jioni afanye hivyo kwa dakika kumi, ameketi.

Hapo ndipo tunapomgeukia bwana mwenye mke mwalimu. Dakika kumi hizo hazipatikani iwapo yeye ndiye achotaye maji, apikaye na aogeshaye watoto. Shika ndoo, bwana. Wala mkuu wa shule asidhani kwamba pumzi itapunguza wingi wa wanafunzi darasani. Vyumba hujengwa kwa matofali.

Na mwalimu akikosa usingizi kwa majuma mawili, au akikata tamaa ya kuishi, asingoje zoezi. Apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, nawe ufuatane naye.