Kijana mwenye ugonjwa wa sukari: simu inasaidia, lakini si peke yake

Kwenye kaye ya kijana, namba zote ni nzuri: 110 asubuhi, 125 mchana, 118 usiku. Lakini mwili unaendelea kukonda, na usiku anaamka mara tatu kwenda kukojoa. Muganga akifungua kumbukumbu ya apareyi ya kupima sukari, anakuta siku tisa haikuguswa hata mara moja. Namba ziliandikwa zote kwa mara moja, kwa bic moja, labda mlangoni mwa kituo cha afya.

Waganga wanaofuata vijana wenye diabeti ya aina ya kwanza wanajua sana mambo haya. Katika aina hii kongosho haitoi tena insulini, na bila insulini sukari inabaki katika damu, mwili unakosa nguvu. Hailetwi na kula pipi nyingi. Si karuho pia, hata kama huku Kivu mtoto akikonda ghafla, jirani wa kwanza kufika anakuwa na jibu hilo tayari mdomoni. Zamani ugonjwa huu ulikuwa hukumu ya kifo. Mgonjwa wa kwanza kupigwa sindano ya insulini, mwezi wa kwanza 1922 kule Toronto, Kanada, alikuwa kijana wa miaka 14, Leonard Thompson. Aliishi miaka mingine 13.

Lakini sindano haijipigi yenyewe. Na umri wa miaka 13 mpaka 18 ndio mgumu zaidi. Homoni za kubalehe zinapunguza nguvu ya insulini, kwa hiyo dozi ya mwaka uliopita haitoshi tena, hata kwa kijana anayefuata kila kitu vizuri. Wakati huohuo wazazi wanasema « sasa umekuwa mkubwa » na kumwachia kila kitu. Kijana naye hataki wenzake wamuone akijichoma. Akipima, akakuta 320, anagombezwa. Basi anaacha kupima, ama anaandika uongo. Nani angefanya vingine?

Hapo ndipo kusindikiza kunaingia, yaani kumpa kijana mtu wa kuongea naye mara kwa mara: infirmiye aliyefundishwa, ama kijana mkubwa anayeishi na ugonjwa huohuo. Kazi yake si polisi. Haulizi « kwa nini ni 320? » kama mwalimu anayerudisha pointi mbaya. Anauliza jana kulipita nini: fufu ilikuwa kiasi gani, sindano ilipigwa saa ngapi, kulikuwa mpira? Kisha wawili wanachagua kitu kimoja kidogo cha wiki, kwa mfano kutosahau sindano ya jioni. Mzazi anabaki karibu. Kumwachia mtoto mapema mno ni kosa kama kumfokea.

Teknolojia inakuja juu ya hayo. Kule Scotland, utafiti ulioitwa Sweet Talk, matokeo yake yakatoka mwaka 2006, uliwatumia wagonjwa wa miaka 8 mpaka 18 mesaje za simu zilizofuata lengo ambalo kila mmoja alikuwa amejiwekea. Mesaje ziliwapa moyo wa kujisimamia. Lakini kipimo cha sukari cha miezi kilishuka kwa wale tu waliokuwa pia na matibabu ya insulini yaliyoboreshwa. Mesaje bila dawa inayofaa haikutosha.

Habari hiyo inagusa Bukavu na Goma, maana simu ndogo ya batoni inapokea mesaje bila intaneti na inaweza kulia saa ya sindano. Mwenye WhatsApp anaweza kupiga picha ya apareyi na kuituma, bila kungoja randevu. Kuna pia kidude kinachobandikwa mkononi, kinasoma sukari kwa siku 14, na simu inaonyesha inapanda ama inashuka. Ni kizuri, lakini bei yake iko mbali na mfuko wa familia nyingi. Hata bandeleti za kupimia zinakosekana. Zikiwa chache, bora kupanga na muganga saa za kuzitumia kuliko kuzimaliza zote kwa siku mbili.

Kuna mambo ambayo simu haifanyi. Sukari ikishuka chini ya 70, kijana anatetemeka, anatoa jasho, anaongea ovyo: apewe vijiko vidogo vitatu vya sukari katika maji, ama nusu chupa ya sucré, apimwe tena kisha dakika 15. Akipoteza fahamu, asiwekewe kitu mdomoni. Apelekwe hospitali mbio. Akitapika, akapumua kwa nguvu, pumzi ikanuka kama tunda lililoiva, nayo ni hospitali siku hiyohiyo; mara nyingi watu wanafikiri ni malaria tu. Na insulini haiachwi kabisa eti kwa sababu mtoto hakula.

Pasipo friji, chupa inakaa ndani ya chungu cha udongo chenye kulowanishwa, mbali na jua. Shuleni, mwalimu mmoja na rafiki mmoja wanapaswa kujua. Na kwa kuwa umeme unakatika, namba ya muganga na dozi ziandikwe pia kwenye karatasi, ndani ya begi, karibu na sukari.