Ifahamu methanoli, sumu inayojificha ndani ya pombe

Sisi tunaoishi kando ya Ziwa tunaifahamu gongo. Lakini si kila kilichomo kwenye chupa ya gongo ni gongo. Novemba 2000, huko Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa na wengine wakapofuka baada ya kunywa pombe iliyoitwa kumi kumi. Mwaka 2010 watu wapatao 80 walikufa Kabale, Uganda. Mei 2014 Kenya ilipoteza tena watu zaidi ya 80. Chanzo kilikuwa kimoja: methanoli.

Methanoli ni nini?

Ni spiriti ya viwandani. Haina rangi, na harufu yake yakaribia ile ya pombe ya kawaida. Wauzaji wenye tamaa huichanganya ili pombe ionekane kali. Huwezi kuitambua kwa kuonja wala kunusa.

Inadhuru vipi?

Ini huigeuza methanoli kuwa fomaldehaidi, kisha asidi ya fomiki. Asidi hii huzuia mwili kutumia oksijeni, na mishipa ya fahamu ya macho huumia mapema. Damu ikijaa asidi, mgonjwa huhema haraka, huzimia na anaweza kufa. Anayepona anaweza kubaki kipofu maisha yake yote.

Ubaya ni kwamba kazi hiyo ya ini huchukua muda. Mnywaji hulewa na kulala kama kawaida. Baada ya saa 12 hadi 24 ndipo huumwa kichwa na tumbo, hutapika na kuona ukungu. Nyumbani husema, "Ni pombe ya jana tu," na wengine humpa ya kuzimua. Hivyo ndivyo saa za kumwokoa zinavyopotea.

Tufanye nini?

* Mwenye dalili hizi apelekwe hospitali mara moja. Kwa watu wa Kamanga, iko Sengerema, na ng'ambo Mwanza iko Bugando.
* Waliokunywa naye waende pia, hata kama hawajaumwa.
* Mwelezeni daktari ukweli. Msimfiche mgonjwa kwa kuogopa polisi au aibu.
* Msijaribu kumtibu kwa pombe nyumbani. Hospitalini kuna dawa za kulizuia ini lisitengeneze sumu, kwa kipimo maalumu, na damu huweza kusafishwa kwa mashine.

Ndugu msomaji, mlevi naye ni mtoto wa mtu. Akisema haoni vizuri, usimcheke. Mwahishe hospitali.