Kusaga Meno Usingizini: Je, Kifaa cha Kinywani Chatosha?

Aghalabu anayesaga meno usiku hajui kuwa anasaga. Ajuaye ni mwenziwe aliyelala kando yake, au mama asikiaye mkwaruzo kutoka chumba cha watoto. Mwenyewe huamka taya zimemchoka na mapanja yanamgonga, akameza dawa ya maumivu na kushika shughuli zake. Miaka ikipita, meno hulika, hupata nyufa, na maji baridi huanza kumtia ganzi.

Kwa watoto wadogo jambo hili ni la kawaida, na wengi huliacha wenyewe wakikua. Wazee wetu wamezoea kulihusisha na minyoo. Lakini kusaga meno peke yake si sababu tosha ya kumpa mtoto dawa. Kwa watu wazima, huandamana na wasiwasi, tumbaku, kahawa nyingi na baadhi ya dawa za sonona. Wapo pia ambao pumzi huwakatika usingizini, na meno yakawa yanasagika katika hali hiyo.

Tiba iliyozoeleka ni kinga ya plastiki ambayo daktari wa meno huitengeneza kwa kipimo cha mgonjwa. Kinga hiyo huyahifadhi meno yasilike, lakini mara nyingi haiizuii misuli ya taya kubana. Ndipo wataalamu, tangu miaka ya 1970, wakajaribu njia ya kuupa mwili habari za jambo unalolitenda bila kujua.

Kifaa cha namna hii hufanana na kinga ya kawaida, ila ndani yake mna kihisi kidogo. Mtu akiuma kwa nguvu, kihisi hutambua mbano na kifaa hutetemeka taratibu. Makusudio ni taya zilegee pasipo mwenye kulala kuamka. Vipo vingine vinavyovaliwa kwenye panja na kupima misuli, na vingine vinavyotoa sauti. Kumejaribiwa hata vifuko vya kimiminika kichungu vinavyopasuka mtu anaposaga.

Je, vyafaa? Tafiti kadhaa zimeonyesha kuwa vyaweza kupunguza kubana kwa taya wakati vinapotumiwa. Hata hivyo, ushahidi wa manufaa ya muda mrefu ungali mchache. Tena, kifaa hakiondoi dhiki iliyo moyoni wala hakifungui koo lililoziba. Kwa hiyo tusikihesabu kuwa ni dawa. Ni msaidizi tu.

Twawanasihi wasomaji wetu wasikimbilie kununua kifaa cha simuni kabla ya kuonana na daktari wa meno. Kisichowiana na kinywa chaweza kuumiza taya, na mtoto ambaye meno yake yangali yanabadilika asivalishwe bila ushauri. Anayekoroma sana, au anayeonekana kukata pumzi, apelekwe hospitali, kwani hayo ni maradhi mengine yenye hatari kubwa zaidi. Anayetumia dawa za sonona asiziache kwa hiari yake, amweleze aliyemwandikia.

Yako pia yasiyohitaji fedha. Kahawa na sigara zisikaribie saa za kulala. Mchana tujichunguze tukiwa jikoni, ofisini au garini: midomo ifumbe, meno yaachane, ulimi utulie. Wengi hubana taya wakiwa macho bila kujua.

Zaidi ya yote, mwenye kusikia mkwaruzo usiku asiufanye kuwa mzaha wa asubuhi. Amwambie mwenziwe kwa upole, kisha amuulize kinachomlemea. Huenda ni karo, huenda ni deni, huenda ni ugonjwa wa mzazi. Kifaa chaweza kuhisi mbano wa taya. Mzigo uliouleta huo mbano, ni sisi wa nyumbani tuwezao kuuuliza na kusaidiana kuubeba.